Forodha ya Shanghai na Pamba ya Usukuma

 

Jioni hii nauchukua mwaka mmoja, 1928. Mwaka huo reli ya kutoka Tabora ilifika hapa Mwanza. Mwaka huohuo, tarehe 20 Desemba, Uingereza ilitia saini mkataba na serikali ya China iliyokuwa na makao yake Nanjing, ikakubali kwamba kuanzia hapo China itajipangia yenyewe ushuru wa bidhaa zinazoshuka bandarini kwake. Mtu ataniuliza, reli ya Mwanza na forodha ya China wapi na wapi? Naomba tuvumiliane. Nguo iliyokuwa ikigombaniwa kwenye maduka ya Shanghai ndiyo iliyokuwa ikigombaniwa kwenye maduka yetu hapa. Waliogombana ni walewale, wenye viwanda wa Lancashire kule Uingereza na wenye viwanda wa Osaka kule Japani. Kilichotofautiana ni nani alikuwa na neno pale mlangoni, penye karani wa forodha na kitabu chake cha ushuru.

Nianze na China, maana yake ni historia ambayo sisi huku hatukufundishwa shuleni na nadhani tulipaswa kufundishwa.

Mwaka 1842, baada ya kushindwa katika vita vya afyuni, China ililazimishwa kutia saini mkataba wa Nanjing. Mikataba iliyofuata ikaufunga ushuru wake kwenye kiwango cha takriban asilimia 5. Hebu fikirini taifa lile, kubwa kuliko yote duniani kwa watu, halina ruhusa ya kupandisha ushuru wa kitambaa kwa senti moja bila wageni kukubali. Na forodha yenyewe iliongozwa na Mwingereza. Robert Hart alikaa kwenye kiti hicho tangu 1863 hadi alipofariki 1911, akafuatiwa na Francis Aglen. Ilikuwa idara safi, yenye hesabu zilizonyooka, hilo hata Wachina wenyewe walikiri. Ila baada ya mapinduzi ya 1911, fedha ilizokusanya zilipitia benki za kigeni na kulipa kwanza madeni na fidia za mataifa ya nje, kisha ndipo kilichobaki kikaenda kwa serikali ya China.

Walioibadili hali hiyo hawakuwa mabalozi. Tarehe 30 Mei 1925, polisi wa mtaa wa kigeni mjini Shanghai, chini ya maofisa Waingereza, waliwafyatulia risasi waandamanaji. Chanzo cha maandamano kilikuwa kifo cha mfanyakazi wa Kichina katika kiwanda cha nguo cha Wajapani. Kutoka hapo moto ukaenea. Miji ya Canton na Hong Kong ikaingia kwenye mgomo uliodumu zaidi ya mwaka mzima. Mabaharia wakashuka melini, makuli wakaacha mizigo gatini, wapishi na madobi wakaondoka kwenye nyumba za Waingereza, na bidhaa za Uingereza zikasusiwa madukani. Hong Kong, bandari iliyozoea kujaa meli, ikadorora.

Huko London wakaanza kupiga hesabu upya. Wafanyabiashara wao waliona kwamba mkataba wa zamani uliokuwa ukiwalinda sasa ndio unaowafukuzia wateja. Desemba 1926 serikali ya Uingereza ikatoa waraka kwa mataifa mengine ikisema madai ya China kuhusu ushuru yasikilizwe. Mwezi uliofuata umati uliuingia mtaa wa Waingereza mjini Hankou, na Februari 1927 mtaa ule ukarudishwa kwa makubaliano. Waziri wa mambo ya nje aliyetia saini upande wa China, Eugene Chen, alikuwa mwanasheria aliyezaliwa kisiwani Trinidad, akakulia chini ya bendera ya Uingereza. Aliwajua vizuri watu aliokuwa akizungumza nao, na mimi humpenda sana kwa hilo.

Marekani ilitangulia kuitambua haki ya China kujipangia ushuru, Julai 1928. Uingereza ikafuata Desemba. Tarehe 1 Februari 1929 viwango vipya vikaanza kutozwa. Japani ilichelewa, ikakubali Mei 1930.

Uingereza ilitumaini kwamba kwa kuilegeza kamba ingepata biashara zaidi. Mwaka 1930 ikatuma ujumbe wa kiuchumi kuzunguka Mashariki ya Mbali kutafuta namna ya kuuza zaidi. Mwaka 1935 ikamtuma Frederick Leith-Ross, mtaalamu wa hazina yake, wakati China ilipokuwa inazama kwa sababu Marekani ilikuwa ikinunua fedha, yale madini, kwa bei ya juu na kuikausha sarafu ya China. Novemba mwaka huo China ikaachana na sarafu ya fedha na kuanzisha noti zake mpya. Mahusiano yalikuwa yamepoa, watu walikuwa wanakaa meza moja. Lakini kitambaa cha Lancashire hakikurudi. Viwanda vya Shanghai, vya Wachina na vya Wajapani, vilikuwa vimekwisha kulichukua soko. Mwingereza akabaki akiuza mashine na kukopesha.

Sasa turudi nyumbani.

Kabla ya 1928, ukitaka kutoa robota la pamba Mwanza ulilipandisha meli. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, na meli za ziwani zikabeba ngozi, karanga, samli na pamba kutoka pwani hii hadi Kisumu, kisha treni hadi Mombasa. Ndiyo kusema Mwanza, ingawa ilikuwa ndani ya Tanganyika, mkono wake wa biashara ulikuwa Kenya. Wajerumani walikuwa wamewaanzishia watu wa Usukuma kilimo cha pamba, Waingereza wakaiteka Mwanza Julai 1916, nao wakaiendeleza ileile. Reli ya 1928 ilikuwa na shabaha ya kuuvuta mzigo wa ziwa uelekee Tabora na Dar es Salaam.

Fedha za reli za wakati huo zilitoka wapi? Mwaka 1926 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kudhamini mkopo wa pauni milioni 10 kwa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 ikaja sheria nyingine ya maendeleo ya makoloni, na hiyo haikuficha kitu: maandishi yake yalisema lengo ni kusaidia kilimo na viwanda vya makoloni na kwa njia hiyo kukuza biashara na viwanda vya Uingereza. Wakati ule Uingereza ilikuwa na zaidi ya watu milioni moja wasio na kazi. Reli ikijengwa Afrika, chuma kitayeyushwa Uingereza. Nawaomba mlishike hilo, tutakutana nalo tena mbele.

Kuhusu ushuru, Tanganyika ilikuwa na hali ya peke yake. Haikuwa koloni kama Kenya. Ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na hati ya udhamini iliyothibitishwa Julai 1922 ilitaka wanachama wote wa Shirikisho wapewe nafasi sawa ya biashara. Juu ya hapo kulikuwa na mikataba ya bonde la Kongo. Mkutano wa Berlin wa 1885 ulichora eneo kubwa la biashara huria kutoka Atlantiki hadi Bahari ya Hindi, nasi tukiwa ndani yake pamoja na Kenya na Uganda. Mkataba wa Saint-Germain wa Septemba 1919 ukaithibitisha ile kanuni ya usawa, na Japani ilikuwa miongoni mwa waliotia saini. Maana yake kwa mtu wa Mwanza ilikuwa rahisi: serikali ya Dar es Salaam haikuweza kukitoza kitambaa cha Osaka ushuru mkubwa kuliko kile cha Manchester.

Wajapani waliielewa nafasi hiyo vizuri kuliko mtu yeyote. Mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianza safari za kawaida hadi Afrika Mashariki, kwa msaada wa serikali yake. Desemba 1931 Japani ikaitoa sarafu yake kwenye dhahabu, yeni ikaporomoka, na bei ya kila kilichotoka Japani ikashuka nayo. Marekani, ile nguo nyeupe ngumu ambayo karne ya 19 ilikuwa ikitoka kwenye viwanda vya Massachusetts, sasa ilifumwa Japani. Fulana zilitoka Japani. Viatu vya turubai vyenye soli ya raba vilitoka Japani. Khanga pia zilichapwa huko kwa ajili ya wanawake wa pwani na bara. Baadhi ya pamba iliyofumwa humo ilikuwa imelimwa kwenye ziwa hilihili, maana viwanda vya Bombay na vya Japani vilikuwa wanunuzi wa pamba ya Uganda.

Mwaka 1934 Uingereza iliweka viwango vya kuzuia nguo za Kijapani katika makoloni yake mengi. Afrika Magharibi ilifungwa. Huku kwetu haikuweza, mikataba iliifunga mikono.

Na hapa lazima niseme kwa haki. Kwa mlaji wa kawaida ilikuwa neema. Bei ya pamba ilianguka vibaya mdororo wa dunia ulipoingia 1930, kodi ya kichwa haikungoja, na serikali ikahimiza watu wapande mazao zaidi ili kufidia kwa wingi kile kilichopotea kwa bei. Katika miaka hiyo mwanamke wa Magu aliyeweza kumvisha mtoto wake kwa senti chache alikuwa anasaidiwa na Osaka, wala sitamwambia mtu kwamba angeona fahari kulipa mara mbili kwa nguo ya Manchester. Mlango wazi ulimvisha mtu nguo. Ila ulikuwa wazi kwa bidhaa peke yake.

Mtu alipotaka kuingiza kiwanda, mlango uleule ulifungwa. Tanga palijengwa kiwanda cha kusokota kamba za katani katika miaka ya 1930. Katani ni ya hapahapa, wafanyakazi wa hapahapa, na kamba zikaanza kuuzwa hadi Uingereza. Wenye viwanda vya kamba wa Uingereza wakapiga kelele, serikali ya London ikawasikiliza, na kiwanda kile kikakwama hadi kikafungwa kabla ya vita vya pili. Uganda na Kenya nako mawazo ya kujenga viwanda vya nguo yalipoozwa maofisini. Kiwanda kikubwa cha nguo cha kwanza kwenye mwambao wa ziwa letu, kile cha Jinja, kilisubiri hadi miaka ya 1950, baada ya bwawa la umeme la Owen Falls kuzinduliwa 1954. China ilikuwa imepata ushuru wake robo karne kabla ya hapo.

Wala tusidanganyane kwamba forodha yetu haikumlinda mtu. Ilimlinda. Tanganyika ilikuwa imeunganishwa kiforodha na Kenya na Uganda, na ushuru wa ngano, siagi na sukari ulipangwa ili kuwafaa masetla wa nyanda za juu za Kenya. Kwa hiyo ushuru wa kulinda mzalishaji ulijulikana na ulitumika. Swali lilikuwa mzalishaji yupi. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza 1926, na Waafrika wa kwanza kuingia humo waliteuliwa 1945, mmoja wao akiwa mtu wa kanda hii, Mtemi Kidaha Makwaia wa Usiha, Shinyanga. Kipindi chote kati ya vita viwili, hakuna mkulima wa pamba wala mtu wa kumsemea aliyekuwepo chumbani ushuru ulipojadiliwa.

China ilikuwa dhaifu. Ilikuwa imegawanyika, majeshi ya mabwana wa vita yalikuwa yakipigana mikoani, na mwaka 1931 Japani iliinyakua Manchuria. Pamoja na yote hayo ilikuwa na kitu ambacho Tanganyika haikuwa nacho: watu wake waliweza kukataa, na kukataa kwao kuliumiza mfuko wa mtu London. Kuli wa Hong Kong aliyeacha kazi alikuwa anapigania asilimia za ushuru, ajue asijue.

Je, huku hapakuwa na kukataa? Palikuwa, ila kulichelewa na kulianzia kwenye mizani.

Wazee wa Usukuma waliuza pamba yao kwenye masoko yenye leseni, kwa wanunuzi wenye viwanda vya kuchambulia, wengi wao Wahindi. Mkulima alifika alfajiri na mkewe na watoto, wamebeba vifurushi kichwani au wamevipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Nyumbani wameshachambua pamba safi mbali na fifi, yaani ile ya daraja la chini, kila kipande cha jani kimetolewa kwa vidole. Anafika mbele ya mizani. Kitambaa cha kufungia kinakatwa uzito wake, mara nyingi zaidi ya ule wa kweli. Sindano inasimama, mnunuzi anataja namba kwa sauti ya haraka, karani anaandika, na kifurushi kinatupwa kwenye lundo kabla mwenye mali hajapata kuangalia vizuri. Pamba safi inaambiwa ni fifi. Ukibisha, foleni ni ndefu nyuma yako na jua limepanda. Ukiondoka nayo, soko jingine liko maili nyingi na mnunuzi wa huko anafahamiana na huyu.

Karibu na 1950 wakulima walianza kujiajiria wapimaji wao, wenye mizani yao, wa kuhakiki ratili kabla pamba haijafika kwa mnunuzi. Katika harakati hizo akasimama kijana aliyezaliwa 1925, Paul Bomani, aliyewahi kuwa karani kwenye machimbo ya almasi ya Mwadui na baadaye akasimamia ushirika wa wafanyabiashara Waafrika hapa Mwanza. Vyama vya msingi vikaota kila upande wa ziwa. Mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, na mwaka uliofuata shirikisho likapata kiwanda chake cha kwanza cha kuchambulia pamba. Lilipofika Uhuru lilikuwa miongoni mwa vyombo vikubwa kabisa vya ushirika Afrika, na Bomani akawa Waziri wa Fedha wa nchi huru. Mtu aliyeanzia kwenye mizani ya mkulima akawa ndiye mwenye kitabu cha ushuru. Huo kwangu ndio mkataba wetu wa 1928, na waliouandika ni wakulima wa Kwimba, Maswa, Geita na Ukerewe.

Yaliyofuata tunayafahamu, nitayapita haraka. Viwanda vya nguo vilijengwa, kikiwemo cha hapa Mwanza, na Dar es Salaam kikasimama kile cha Urafiki kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China. Mwalimu Nyerere alikuwa ameizuru China Februari 1965, na Waziri Mkuu wake, Zhou Enlai, akaja kwetu Juni mwaka huohuo. Ushirika ukavimba, malipo ya wakulima yakachelewa, vyama vikuu vikafutwa 1976 kisha vikarudishwa miaka ya 1980 vikiwa vimedhoofika. Mageuzi ya uchumi yakaufungua mlango upya, mitumba ikaingia kwa marobota, vitenge vya Asia vikaingia kwa makontena, na mashine za viwanda vyetu vingi zikanyamaza. Makosa yetu wenyewe yamo humo, tena si madogo. Lakini mashine zilizonyamaza zilikuwa za kusokota pamba ya Usukuma, na leo sehemu kubwa ya pamba hiyo inaondoka nchini ikiwa haijasokotwa.

Sasa tutoke kwenye pamba twende mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, maana huko nako kuna mizani.

Mmewahi kumtazama mtu anayetengeneza bondo? Sangara amepasuliwa, minofu imekwenda kiwandani, na kutoka chini ya uti wa mgongo kinang'olewa kile kifuko cha hewa, cheupe, kinateleza. Kinaoshwa damu, ngozi ya juu inavuliwa taratibu kwa kucha ili kisichanike, kinapasuliwa na kutandazwa juu ya wavu kikauke. Kikikauka kinageuka rangi ya asali nyepesi, na mnunuzi mzoefu hukiinua kwenye mwanga kutafuta doa la damu au tundu. Kisha mizani. Bondo kubwa na bondo dogo, hata yakiwa kilo moja kila upande, bei zake haziko karibu kabisa. Kutoka hapo mzigo unakwenda Hong Kong na China bara, unapikwa supu kwenye karamu za harusi na sikukuu za wakubwa. Bei ya kilo ya mabondo makavu inaweza kuizidi mara nyingi ile ya kilo ya minofu.

Mvuvi aliyemtoa sangara yule ziwani anapata nini humo? Inategemea tajiri yake, inategemea mkataba wa mdomo waliofanya kambini, na inategemea zaidi kama anaijua bei ya mwisho wa mlolongo wa biashara. Wengi hawaijui. Wanaijua bei ya leo asubuhi waliyotajiwa mwaloni. Nikiwasikiliza wavuvi wa Igombe na Kirumba wakilalamika kwamba daraja la bondo limeshushwa mbele ya macho yao, nawasikia wazee wa pamba wakilalamika kuhusu safi na fifi. Miaka sabini imepita na ni mizani ileile.

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na Mchina. Daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya maji, limejengwa na kampuni za China kwa fedha za serikali yetu, na tangu lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025 mgonjwa wa Sengerema hangoji tena kivuko ili afike hospitali ya Bugando. Reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Mwanza, kilomita 341, mkataba wake ulisainiwa Januari 2021 na kampuni za China vilevile. Nafurahi kila ninapoona kazi hiyo inasogea. Ila nilisema tutakutana tena na lile la 1929, nalo ndilo hili: anayejenga reli hupata biashara ya kujenga reli. Uingereza ilipata yake, China inapata yake, wala hakuna ubaya. Sisi tunapata yetu pale tu tutakapojua kitakachopakiwa kwenye mabehewa yanayoondoka.

Tangu tarehe 1 Desemba 2024 China imeziondolea ushuru bidhaa zote za nchi maskini zaidi zenye uhusiano nayo, Tanzania ikiwamo. Ni nafasi kubwa, kubwa kuliko zile ambazo Uingereza ilitupa. Lakini pamba ghafi haikuwahi kukosa mnunuzi kwa sababu ya ushuru. Faida ya sifuri hiyo iko kwenye uzi, kwenye kitambaa, kwenye fulana iliyoshonwa, kwenye bondo lililosafishwa, kupangwa daraja na kufungashwa hapa Mwanza likiwa na lebo ya Mwanza.

Na upande wa kuingiza, kitabu cha ushuru tunacho sasa. Kiko Arusha, kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya una ngazi ya asilimia 35 kwa bidhaa tunazosema tunataka kuzizalisha wenyewe, nguo zikiwemo. Kila mwaka nchi wanachama huomba nafuu na misamaha, kila moja kwa sababu zake, na kila mwaka ngazi ile hutobolewa hapa na pale. Ningependa kujua, kabla ya bajeti ijayo, ni vyama vingapi vya msingi vya ushirika wa pamba vimeandika maoni kuhusu ushuru wa vitenge. Ningependa kujua ni chama gani cha wavuvi kimeulizwa kuhusu masharti ya kusafirisha mabondo. Wenye viwanda Dar es Salaam huandika. Waagizaji wa Kariakoo huandika, tena wana mawakili. Mwalo wa Igombe nao una haki hiyohiyo, na barua haina ada.

Wachina watakaokaa nasi mezani wanaijua habari hii ya ushuru vizuri. Mei 30 ya 1925 ipo kwenye vitabu vyao vya shule. Mtu wa taifa hilo hatashangaa hata kidogo ukimwambia kwamba unataka kusokota pamba yako kwako na kupima bondo lako kwa mizani yako. Atashangaa zaidi usipomwambia.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vyama vya msingi wa Kwimba, Magu na Misungwi, na wenyeviti wa vikundi vya mialo, mnaonisikia sasa hivi: kaeni mwezi huu, andikeni ukurasa mmoja kuhusu ushuru mnaoutaka na masharti mnayoyataka, mpelekeeni mbunge wenu, na nakala ipelekwe wizara ya viwanda na biashara na wizara ya mifugo na uvuvi. Atakayeniletea nakala yake hapa studio nitaisoma hewani, neno kwa neno.